Jina la Zamani, Kiwanda Kingine

Mwezi uliopita nilibeba tivii yangu hadi kwa fundi mmoja Kariakoo. Ilikuwa na miezi 14, na waranti ilikuwa ya mwaka mmoja. Sauti inatoka, picha hakuna. Fundi alizima taa ya kibanda, akamulika kioo kwa tochi ya simu, na picha ikaonekana kwa mbali. Kioo kizima, taa za nyuma zimekufa. Pembeni zilikuwa zimeegemezwa tivii nyingine saba, baadhi za majina ambayo wazee wetu waliyaamini kama fedha, na nyingi zina ugonjwa huo huo.

Wanunuzi wanasema kampuni kubwa zimeshusha ubora. Kabla ya kukubali au kukataa, tuulize kwanza ni kampuni ipi hiyo. Biashara ya tivii ya Toshiba ilinunuliwa na Hisense ya China mwaka 2018. Tivii za Philips zinazouzwa Ulaya na kwingineko zimekuwa chini ya kampuni nyingine, TP Vision, tangu 2012. Sharp iliingia mikononi mwa Foxconn ya Taiwan mwaka 2016. Nokia nayo iliuza biashara yake ya simu kwa Microsoft mwaka 2014, kisha jina likakodishwa kwa kampuni nyingine, HMD. Hakuna kosa la kisheria hapo, na mmiliki mpya anaweza kutengeneza kitu kizuri tu. Ila anayeongeza pesa dukani kwa sababu ya jina analipia kumbukumbu ya kiwanda ambacho huenda hakikuhusika kabisa na boksi lililo mbele yake.

Wauzaji nao wana hoja, na si ya kupuuzwa. Tivii ya chogo enzi zile ilikuwa ya nyumba moja mtaani, sisi watoto tukichungulia dirishani. Leo inchi 32 iko Mbagala, iko Gongo la Mboto, kwenye chumba cha kupanga. Bei imeshuka, na vitu vya ndani vimepunguzwa ili ishuke. Tena tunaikumbuka ile redio ya National iliyodumu, tunazisahau zilizokufa mapema. Hapo ongeza umeme wetu unaokatika na kurudi kwa kishindo, hewa ya chumvi inayokula bodi, na bidhaa feki zinazochafua majina ya watu. TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilipozima simu bandia Juni 16, 2016, wengi ndipo walipojua walichokuwa wameshika mkononi.

Yote hayo nayakubali, lakini hayajibu kilichoiua tivii yangu. Haikuwa feki. Umeme ukipiga, mara nyingi kinachoanza kuungua ni pawa saplai, na yangu ilikuwa nzima. Fundi alinieleza kwamba taa hizo husukumwa kwa nguvu ili picha ing'are pale dukani. Zinachemka, moja inaungua, na kwa kuwa zimeungwa kwa mfululizo, mstari mzima unazima. Kuzifikia lazima uinue kioo chembamba ambacho mkono ukiteleza kidogo tu kinapasuka, na hapo tivii imekwisha. Kwenye chogo alikuwa anafungua mfuniko, anabadili kapasita, unaondoka nayo jioni hiyo hiyo.

Hapo ndipo utetezi wa bei unaponishinda kuupokea. Kupunguza nguvu ya taa hakuongezi gharama, na kutengeneza kitu kinachofunguka ni uamuzi wa anayebuni tivii, Tanesco na umeme wake haihusiki. Tume ya Ushindani inakamata bidhaa bandia, na inafanya vyema. Mimi ningependa pia muuzaji alazimike kuandika kwenye risiti nani hasa ametengeneza, na spea zake zitapatikana kwa miaka mingapi.

Fundi aliniwekea taa alizozitoa kwenye tivii iliyopasuka kioo, akapunguza na nguvu yake. Tivii ile ilikuwa na jina jingine kabisa, la bei nafuu zaidi. Taa zilikaa kwenye matundu yale yale, na plagi ikaingia bila kukatwa waya hata mmoja.