Kanda za Sauti za Bahari: Kelele Isafishwe au Iachwe?

Msanii anayetunga kazi ya sauti kutokana na kanda za zamani zilizorekodiwa baharini lazima aamue mapema: mngurumo wa meli uliomo aufute au auache?

Wanaotetea kusafisha wana hoja nzito. Mwito wa nyangumi buluu huwa karibu na masafa ya Hz 20 (mitetemo 20 kwa sekunde), ukingoni mwa usikivu wa binadamu, na spika nyingi hazifiki huko. Usipouharakisha, tuseme mara 10 upande hadi Hz 200, mgeni ukumbini hasikii kitu. Tatizo ni kwamba injini za meli kubwa nazo hunguruma kwenye masafa hayohayo. Ukikaza kichujio, unamkata mnyama pamoja na meli, na nyuma vinabaki vimilio vya majimaji ambavyo bahari haikuvitoa.

Kanda zenyewe nazo zina vituko. Gundi ya kanda nyingi za poliesta za miaka ya 1970 hunyonya unyevu, ikanata kwenye vichwa vya mashine. Hupashwa joto la nyuzi 50 hivi kwa saa 8 au zaidi, kisha hunakiliwa haraka kwa kuwa nafuu hiyo haidumu. Kanda za asetati, plastiki ya aina nyingine, usizipashe kamwe. Na kanda iliyorekodiwa kwa inchi 15 kwa sekunde ukiicheza kwa 7.5, sauti hushuka oktava nzima, yaani masafa yake huwa nusu.

Hata hivyo, naegemea upande wa kuacha kelele. Hazina ya Watkins, mkusanyiko wa sauti za mamalia wa baharini ulioko Woods Hole, Marekani, ina fungu la vipande 1,694 vilivyochaguliwa kwa ubora na uchache wa kelele. Uteuzi huo unamfaa anayejifunza kutambua spishi. Msanii akivishona pamoja, anamjengea msikilizaji bahari tulivu ambayo huenda hakuna nyangumi aliyewahi kuiishi. Msanii wa sauti aitwaye Jana Winderen, wa Norway, huchagua mwenyewe pa kushusha haidrofoni, yaani maikrofoni ya chini ya maji. Anayetumia hazina amerithi chaguo la mwingine.

Tazama pwani ya Tanzania. Mwaka 2015 haidrofoni zilizoburutwa nyuma ya chombo zilinasa milipuko 318 ya uvuvi wa baruti ndani ya saa 231, zaidi ya nusu ikiwa jirani na Dar es Salaam. Kwa msafishaji, milipuko ile ni uchafu wa kukatwa. Kwa matumbawe, ndiyo habari yenyewe.

Anayeharakisha au kuchuja aandike ukutani: kanda namba ngapi, mwaka gani, imeharakishwa mara ngapi, masafa yapi yamekatwa. Kando yake atundike visikilizio vyenye nakala isiyoguswa.