Gari yangu haijatapika, acheni uongo

Wakuu, naona kwenye magrupu inazunguka stori eti IST yangu ilijazwa full tank ikatapika kwa sababu tumbo halijazoea. Aliyeisambaza namjua, alikula pilau kwangu Idi, tutaonana. Sasa sikilizeni ya mwenyewe.

Gari ilikuwa inanuka petroli muda mrefu ila kwa mbali. Fundi wangu kaangalia injekta, kaangalia mipira ya mafuta kwenye boneti, hamna kitu. Akasema nilaze boksi chini ya gari usiku, asubuhi boksi kavu kabisa. Halafu harufu iko ndani kuliko nje, na siti ya nyuma ndo balaa. Akasema bosi hizi gari za zamani zinanuka tu. Nikanunua kale kamti ka kuning'iniza kwenye kioo, maisha yakaendelea. (Msicheke, na nyie mnavyo.)

Jumamosi nikaenda na wife Stendi ya Magufuli pale Mbezi kumpokea baba mkwe na shangazi yake wife, wanatoka Singida, wamekuja kwenye kipaimara. Mizigo yao kuku wa kienyeji na dumu la mafuta ya alizeti. Taa ya mafuta inawaka kama ilivyo ada, nikaingia sheli, na yule dada wa pampu ananijua, kashika bomba tayari, "Kaka, ya kumi kama kawaida?"

Baba mkwe akatoa noti kwenye koti. "Binti, jaza."

Dada akaniangalia. Mimi nikaangalia paa la sheli. Ikaingia laki na ushee, na mshale ukapanda mpaka kwenye F, sehemu ambayo mimi nilidhani imechorwa kwa ajili ya urembo.

Tumefika Temboni, pale kwenye kupanda, harufu ikaja. Sio ile ya kwa mbali, hii inakwaruza koo, macho yanatoa machozi, kuku wenyewe wakaanza kelele. Shangazi akauliza, "Baba, mbona humu kunanuka sheli?" Na mimi, sijui shetani gani, nikamjibu, "Shangazi nadhani ni hilo dumu lako."

Yaani nyie. Shangazi akasema simamisha gari. Akashuka na dumu lake, akafungua kifuniko, akamimina kwenye kiganja, akaniletea puani pale pale pembeni ya Morogoro Road, daladala zinapita makonda wanashangilia. "Nusa. Nusa vizuri. Haya nimekamulisha mwenyewe." Nikanusa. Alizeti safi kabisa. Yaliyobaki kiganjani akajipaka mikononi taratibu huku ananiangalia.

Nikampigia rafiki yangu aje awachukue wazee, bodaboda wakaniitia fundi wa jirani, kijana mdogo tu. Akaamuru simu zote zikae mbali, akachomoa taminali ya betri, akang'oa siti ya nyuma, akafungua kile kifuniko cha juu ya pampu ya mafuta, ile inayokaa ndani ya tenki. Petroli imetuama pale juu ya tenki inametameta. Akachokonoa, akavuta kitu kama ubani uliotafunwa. Silikoni. Oringi, ile pete ya mpira ya kuziba, hamna! Mwaka jana nilibadilishiwa pampu na fundi mwingine, kumbe yule badala ya oringi mpya kapaka silikoni, na silikoni ya kawaida ikikutana na petroli inavimba, inalainika, inaachia. Ndo maana boksi lilikuwa kavu, panapovuja ni juu ya tenki sio chini, mvuke unapanda moja kwa moja mpaka kwa abiria wa nyuma.

Ingeishia hapo ningeshukuru.

Fundi akainuka, akajifuta mikono, akaniangalia mimi, akamwangalia baba mkwe, akarudi kwangu. "Bro, toka ubadilishiwe hii pampu ushawahi kujaza tenki?"

Nikajifanya nahesabu kuku.

"Maana mafuta yakiwa chini hutaona kitu, utasikia harufu tu. Leo ndo yamefika juu." Wife akaanza kukunja khanga ambayo ilishakunjwa. Baba mkwe, ambaye siku ya mahari nilimwambia kwa kinywa changu kwamba biashara inakwenda vizuri sana, akaweka mikono nyuma akauliza kwa upole, ule upole mbaya, "Kwa hiyo mwaka mzima?"

"Mwaka mzima mzee. Huyu anaweka za kumi kumi."

Za kumi kajuaje?! Hatujawahi kuonana!

Kugeuka, rafiki yangu huyu hapa, ameshafika kitambo, amejishika mbavu nyuma ya bodaboda.

Mengine fasta fasta. Mafuta yakapunguzwa kwenye madumu, oringi ikapatikana, silikoni ikakwanguliwa yote, pampu ikafungwa vizuri. Fundi akasema tuyarudishe yote tujaribu na tenki ikiwa imejaa, kwenda kuangalia dumu moja halipo na bodaboda nao hawapo. Harufu imekwisha. Shangazi alizeti yake kaigawa kwa majirani, mimi sijaonja hata tone.

Jana baba mkwe katuma elfu hamsini kwenye simu, ameandika "ya mafuta, mwanangu". Nimeweka ya kumi, zilizobaki tumenunua unga na gesi, na huyo wa magrupu akilisikia hili nitajua ni nani kati yenu kampelekea.