Harusi Iliyosikika Kabla ya Kuonekana

Wiki moja baada ya harusi ya binti wa jirani yetu hapa Chuno, Mtwara, niliitwa kwenda kuonyesha mkanda. Mikanda yenyewe ilishaisha zamani, siku hizi ni mafaili, ila neno limebaki. Mpwa wa bwana harusi alirekodi shughuli nzima kwa iPhone: vipande 14, jumla saa 2, picha za 4K, uzito GB 20 na ushee. Mimi ndiye fundi wa mtaa. Napiga paspoti, natoa fotokopi, najaza filamu kwenye flashi. Nikavaa shati la kola, nikabeba laptopu na projekta ya kuazima, nikamwambia mzee mwenye nyumba, "Leo mtaona mpaka kope za bibi harusi."

Sebule ilijaa. Mashangazi kwenye makochi, somo wa bibi harusi kwenye kiti cha peke yake, watoto sakafuni, sinia la ming'oko katikati na bakuli la pweza pembeni yake. Shuka jeupe likatundikwa ukutani. Nikabofya.

Shehe akasikika akisoma hotuba ya ndoa, sauti safi kabisa. Ukutani giza. Kisha kikatokea kisanduku kuniambia kwamba video hii inahitaji kodeki ya HEVC, na kodeki hiyo inauzwa dola 0.99.

"Wanasemaje?" akauliza mama mwenye shughuli.

"Wanataka kama shilingi 2,500, mama, ndiyo tuone picha."

"Mahari imelipwa. Ukumbi umelipwa. Mpaka mpiga tarumbeta kalipwa. Hawa ni akina nani tena?"

Somo akasema kwa upole kwamba huenda ni ndugu wa upande wa kiumeni waliosahauliwa kwenye mgawo.

Kadi yangu ya benki ilikuwa na shilingi 1,800. Mzee akakata shauri: kama sauti inatoka, tusikilize. Watu wazima wakakaa wakikodolea macho shuka tupu. Vigelegele vilipolia kwenye spika, wanawake sebuleni wakaitikia. Kwa kweli ilikuwa inaelekea vizuri, mpaka tulipofika saa 1 na dakika 14. Hapo, chini ya muziki, ikasikika sauti ya mtu mwenye chakula mdomoni akinong'ona: "Ongeza nyama bwana, hakuna anayeona."

Kimya.

"Rudisha hapo," akasema mama.

Nikarudisha. Mara tatu. Shemeji mmoja wa Newala akatajwa, naye hakuwepo kujitetea. Mimi niliinama kukagua waya wa projekta, waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

Ili kubadilisha mazungumzo nikaanza kufundisha.

"Mzee, hili neno MP4 au MOV mnaloliona mwisho wa jina la faili ni gunia tu. Gunia halikuambii kilichomo. Ndani picha zimebanwa, na kila namna ya kubana ina mashine yake ya kubangua. Kodeki ndiyo hiyo mashine. H.264 ni ya mwaka 2003, na karibu kila kifaa kinaibangua. H.265, ndiyo hii HEVC, ilitoka 2013. Inabana zaidi: dakika moja ya 4K kwenye iPhone ni kama MB 170 kwa H.265, na kwa H.264 ni kama mara mbili yake. Ndiyo maana tangu iOS 11 ya mwaka 2017 simu hizo hurekodi hivyo zenyewe. Lakini zote mbili zina hataza, yaani haki za uvumbuzi, za watu wengi, na anayetengeneza mashine ya kubangua anatakiwa awalipe mrabaha."

Mzee alikuwa karani wa mizani enzi zake. Akaelewa kuliko nilivyotaka. "Kwa hiyo wenye hataza wamejiunga kama wakulima kwenye ushirika wao, AMCOS."

"Hasa! Kwa H.264 sehemu kubwa waliweka mzigo ghala moja, unalipa dirisha moja. Kwa H.265 zikatokea AMCOS tatu: MPEG LA, HEVC Advance na Velos Media. Na wengine hawakujiunga kokote, wakabaki na magunia yao nyumbani."

"Sasa mnunuzi atajuaje amemaliza kulipa?"

"Hajui, mzee. Kwa hiyo baadhi ya watengenezaji wa programu hawaiweki kabisa, wanakuachia uinunue mwenyewe."

"Na ya bure hakuna?" akauliza shangazi.

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikasimama. Nikawaeleza kuhusu AV1: kwamba mwaka 2015 Google, Mozilla, Cisco, Microsoft, Netflix, Amazon na Intel waliunda umoja wao, na mwaka 2018 wakatoa kodeki isiyodai mrabaha. Nikasema nitaihamishia harusi yote huko, asidaiwe mtu. "Nipeni siku tatu." Wakanipigia makofi. Pweza akaongezwa.

Nyumbani nikaunganisha vipande, nikapunguza picha kutoka 4K hadi 1080p, nikaiamuru ffmpeg, programu ya kugeuza video, itumie libaom, ambayo ni encoda, yaani mashine ya kubana, ya AV1. Laptopu yangu ni Core i3 ya kizazi cha nne. Saa 2 kwa picha 30 kila sekunde ni picha 216,000, na mashine ilikuwa inatoa picha moja kwa sekunde. Pigeni hesabu: saa 60. Feni ililia usiku kucha kama mashine ya kusaga, mke wangu akahamia chumba cha watoto.

Saa ya 41 umeme ukakatika. Betri yangu hudumu dakika 11, nami nilikuwa sokoni. Kosa halikuwa la umeme peke yake. Nilikuwa naandika kwenye MP4, na MP4 ya kawaida huandika faharasa yake mwishoni, kazi ikikamilika. Ikikatwa katikati unabaki na faili nzito ambayo hakuna programu inayojua pa kuanzia. Ningeandika kwenye MKV, gunia la aina nyingine, zile saa 41 ningezikuta.

Nikaanza upya na MKV, na safari hii kwa SVT-AV1, ambayo ni encoda nyingine ya AV1 hiyohiyo, kwa mpangilio wa kasi (preset 10). Picha 8 kwa sekunde, saa saba na nusu tu. Kwa kunogesha uhuru, sauti nayo nikaibana kwa Opus, nayo haina mrabaha. Faili likatoka dogo na zuri. Nikalitia kwenye flashi, nikaacha projekta nyumbani. Mzee ana televisheni ya inchi 43, mbona tusumbuke na shuka?

Sebule ileile, watu wameongezeka, maana habari ya nyama ilishafika Mikindani. Nikachomeka flashi. Televisheni ikafikiri. Ikaandika kwamba faili hili haliwezekani.

Televisheni ya mzee ilinunuliwa 2017. AV1 ilikamilishwa 2018. Niliiletea mashine chakula kilichopikwa baada ya yenyewe kuzaliwa, nayo haina meno ya kukitafuna. Kwenye televisheni kazi ya kubangua iko ndani ya chipu, huwezi kuiongezea kama kwenye kompyuta. Na kwa sababu ya Opus, hata sauti haikutoka.

"Juzi ilikuwa redio," akasema mama. "Leo hata redio hakuna."

Binti mmoja wa kidato cha nne, mtoto wa shangazi, akainua kichwa kwenye simu. "Mjomba, kwani siku ile si ungeweka VLC tu?"

Ni kweli. VLC ni programu ya bure ya kuchezea video, inatengenezwa na VideoLAN wa Ufaransa, inakuja na mashine zake zote za kubangua ndani, upakuaji wake ni kama MB 40. Haikuuliza dola. Tukaifungua kwenye laptopu yangu palepale, tukaipa faili la asili. Picha ikaja! Lakini prosesa ya umri ule haina sehemu maalumu ya kubangua H.265, na 4K kwa nguvu ya prosesa tupu ilikuwa mzigo: shehe akaganda kinywa wazi, bibi harusi akaingia ukumbini kwa kurukaruka kama panzi, tarumbeta ikatangulia wapigaji.

Basi nikarudi nyumbani kwa aibu kufanya nilichopaswa kufanya siku ya kwanza:

ffmpeg -i harusi.mov -vf scale=1920:-2,format=yuv420p -c:v libx264 -preset fast -crf 21 -c:a aac -b:a 160k harusi.mkv

H.264 kwa picha na AAC kwa sauti; crf ni kipimo cha ubora, namba ikipungua picha huwa safi zaidi. Ndiyo, zina hataza, lakini mrabaha wake ulishaingia kwenye bei ya televisheni siku mzee aliponunua. Nilikuwa nalilia deni lililokwishalipwa. (Hiyo yuv420p msiiache: iPhone 12 na kuendelea hurekodi HDR (picha zenye mwanga na rangi pana zaidi) ya biti 10, na H.264 ya biti 10 televisheni nyingi zinaikataa. Rangi za HDR nazo zina matibabu yake, vinginevyo bibi harusi atapauka kama kapakwa unga. Kwa bahati simu yetu ilikuwa ya zamani kidogo.) Mpwa naye nikamwonyesha kwenye mipangilio ya kamera, sehemu ya fomati, achague ile inayokubalika na vifaa vingi. Nilimwambia ukweli: atapoteza 4K ya picha 60 kwa sekunde, na nafasi itajaa upesi.

Faili likawa GB 5. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, kama yangu, haipokei faili moja linalozidi GB 4, nikalikata vipande viwili bila kubana upya, nikageuza vyote kuwa MP4. Nilikata dakika ya 70. Sikufikiria chochote.

Mara ya tatu watu walikaa mpaka barazani. Kipande cha kwanza kikaenda kama maji. Mama akalia nikaha ilipofungwa. Mzee akanipa mkono. Nikasema nakimbia dukani mara moja, kuna mteja.

"Kaa, fundi," akasema mama. "Cha pili hiki kinaanza."

Dakika ya nne ya kipande cha pili. Picha safi, hakuna kuganda. Meza ya chakula, sufuria la pilau, mgongo wa shati la kola ninalolifahamu, kisha mwenye shati akageuka kuangalia kama kuna anayemwona. Ile crf 21 ilionyesha mpaka mafuta kwenye kidevu.

Mzee alikuwa ameshajua kitufe cha kusimamisha.