Ombi limelala kwa nani?

Simu huanza kabla sijamaliza chai. Ni fundi wetu wa Kolwezi: "Mama, ile boni yetu ya manunuzi imefika wapi?" Kwa miaka mitatu jibu langu lilikuwa moja, nalo liliniumiza kila nilipolitamka: "Nimeshatuma, papa. Nasubiri."

Niko kwenye ofisi ya manunuzi ya kampuni inayouza vipuri na kusafirisha mizigo ya migodini, hapa Lubumbashi. Nilipoingia tulikuwa watu 11. Ukitaka idhini, unagonga mlango wa patron, bosi wetu, anasoma proforma, yaani hati ya bei ya muuzaji, anatia saini, unaondoka. Leo tumepita 80. Tuna depo hapa mjini, karakana Kolwezi, watu wawili mpakani Kasumbalesa, na mkurugenzi wa fedha anakaa Kinshasa. Mlango wa kugonga haupo tena, na hakuna siku tuliyokaa kuamua kipi kishike nafasi yake. Barua pepe ilijipenyeza yenyewe, na sote tukaizoea, hadi mwaka huu tulipohamisha idhini kwenye mfumo wa otomatiki.

Acha niseme ilivyokuwa kiangazi cha mwaka jana. Karakana iliomba pampu ya haidroliki ya mashine ya kupakia. Nilipata proforma mbili. Moja ya muuzaji wa hapa, pampu iko rafuni lakini bei iko juu. Nyingine kutoka Zambia, nafuu zaidi, ila hadi ivuke Kasumbalesa ni siku tisa. Nikaziambatisha zote mbili, nikaeleza tofauti, nikatuma. Patron alikuwa uwanja wa ndege wa Luano. Akajibu: "OK, endelea." Niendelee na ipi? Nikauliza, lakini alikwisha kupanda ndege. Mkurugenzi wa fedha naye akajibu, ila alijibu juu ya ujumbe wa wiki iliyotangulia, wenye proforma ambayo muda wake ulikuwa umekwisha. Fundi, aliyekuwa amenakiliwa, akaona neno "OK" na kumwambia mteja kwamba pampu iko njiani.

Siku nne mashine imesimama. Barua zilifika 17, kila moja ikibeba mkia wa zile zilizotangulia. Ilipoulizwa nani amechelewesha, kila mtu alifungua simu yake na kuonyesha kwamba alijibu. Na ni kweli, kila mmoja alijibu. Barua ya kuomba maelezo niliandikiwa mimi.

Hapo ndipo ninaposimama katika suala hili. Wengi wakisikia habari ya kuhamisha idhini kwenye mfumo wa otomatiki wanafikiria kasi. Kasi ni jambo jema, lakini mimi nalilia kitu kingine: ijulikane ombi limelala kwa nani. Barua pepe ilitengenezwa kubeba barua. Inajua mtumaji na wapokeaji, haijui zamu ni ya nani. Ukiwanakili watu watano, kila mmoja anawaona wale wanne na kudhani wao ndio wanaohusika. Jambo likiharibika, lawama inashuka hadi kwa mdogo kuliko wote, yule aliyekuwa anatuma vikumbusho na kuomba radhi kwa kusumbua.

Tulihama mwezi wa pili mwaka huu. Zana hazikuwa tatizo. Odoo ya Wabelgiji ina sehemu ya idhini, Microsoft wana Power Automate, na zipo nyingine nyingi. Kazi ngumu ilikuwa kabla ya kuwasha kompyuta: wiki tatu za kukaa mezani na kuandika nani anaamua nini. Niliona mambo ambayo sikuyatarajia. Mkuu wa depo aliamini anaruhusiwa kuidhinisha hadi dola 500. Mkurugenzi wa fedha aliamini mwisho wake ni 200. Wote wawili walikuwa na barua za kuthibitisha. Kampuni yenye kanuni mbili zinazopingana ilikuwa inaendeshwa kwa mazoea na kwa nani amejibu kwanza, na barua pepe ilituficha hilo kwa miaka. Mfumo ulikataa kuficha: pale penye kiwango, unataka tarakimu moja tu.

Tukakubaliana. Hadi dola 300 anaamua mkuu wa idara. Kutoka hapo hadi 3,000 ombi linapita kwa mkurugenzi wa fedha, na zaidi ya hapo linafika kwa DG, yaani mkurugenzi mkuu. Aliyeomba hajiidhinishii, na aliyeidhinisha halipi. Manunuzi kwa muuzaji mmoja yanajumlishwa kwa mwezi mzima, maana kuna ujanja wa zamani wa kukata komande, yaani oda, ya dola 900 vipande vinne ili kila kipande kipite chini. Tuliuona kwenye vitabu vyetu wenyewe.

Tulibishana zaidi juu ya ukimya. Mmoja wetu alitaka saa 24 zikipita bila jibu, ombi lihesabiwe limekubaliwa. Nilipinga na ningepinga tena leo. Fedha ya kampuni isitoke kwa sababu mtu alilala au mtandao ulikatika. Saa 24 zikipita, ombi linakwenda kwa msaidizi aliyetajwa jina tangu mwanzo, na rekodi inaandika kwamba limehama. Kila mwenye kuidhinisha lazima awe na msaidizi. Hilo peke yake lilitutoa kwenye ile hali ambapo ugonjwa wa mtu mmoja unasimamisha malori.

Kuna na suala la usalama, ambalo wenye kampuni wanalichukulia kirahisi mno. Kanuni ya kiufundi inayosafirisha barua pepe, SMTP, iliandikwa mwaka 1982, na yenyewe haikuwekewa njia ya kuhakikisha kwamba jina la mtumaji ni la kweli. Ulinzi uliongezwa baadaye, na si kila kampuni imeuweka. Mhasibu wetu aliwahi kupokea barua yenye jina kamili la patron, ikimwagiza abadilishe namba ya akaunti ya muuzaji na kulipa siku hiyohiyo. Alikuwa amekwisha kujaza fomu ya benki. Kilichomshtua ni salamu: patron hamwiti "Mpendwa", anamwita Mama. Akapiga simu. Tuliokolewa na salamu, na si haki kumwachia mwajiriwa mmoja mzigo kama huo. Marekani, FBI ilihesabu hasara ya zaidi ya dola bilioni 2.9 iliyoripotiwa kwake mwaka 2023 kutokana na ulaghai wa namna hii. Idhini ikiwa inaishi ndani ya mfumo, barua ya namna hiyo haina pa kuingilia, kwa sababu barua haiidhinishi chochote.

Na sheria? Kanuni ya Kidijitali ya nchi yetu, ya Machi 2023, inaitambua saini ya kielektroniki. Kanuni za uhasibu za OHADA, jumuiya ya nchi za Afrika zenye sheria za biashara za pamoja, ambayo Kongo ni mwanachama tangu 2012, zinataka hati za uthibitisho zitunzwe miaka 10. Jaribu kuitafuta idhini ya miaka sita nyuma kwenye sanduku la barua la mtu aliyekwisha kuacha kazi.

Wanaopinga wana hoja moja ninayoiheshimu: umeme na mtandao. Umeme unakatika, kila mtu anajua. Ndiyo maana nilisisitiza idhini ipatikane kwenye simu, ukurasa uwe mwepesi, picha za proforma zipunguzwe uzito. Mfumo unaodai kompyuta ya mezani na intaneti ya nguvu haufai hapa, hata uwe mzuri namna gani. Pia tuliweka saa zihesabiwe kwa kila mtu mahali alipo, kwa sababu hapa ikiwa saa tatu asubuhi, Kinshasa ni saa mbili, na mkurugenzi wa fedha alikuwa anaonekana mchelewaji kabla hata hajafika biro.

Hoja ya kwamba mfumo unaondoa utu siikubali kabisa. Kuna kijana wa depo ambaye zamani alikuwa anasimama mlangoni kwangu, kofia mkononi, kuulizia ombi la tairi kana kwamba anaomba msaada wa familia. Siku hizi anafungua simu yake: liko kwa mkurugenzi wa fedha, tangu jana saa tisa alasiri. Anajua anachosubiri na anayemsubiri. Akija kwangu sasa, anakuja kuzungumzia tairi.

Hatujamaliza. Posho za safari bado zinapita kwenye barua pepe, na Papa DG bado usiku ananiandikia WhatsApp: "Mama, ile ya Kolwezi nimekubali." Najua anataka kunisaidia. Namjibu kila mara kwa heshima: "Asante Papa. Iko kwenye mfumo, ombi namba 412, inakusubiri wewe." Dakika mbili baadaye naona alama ya kijani.