Mkimaliza kuwacheka mabaharia wa Bolivia, tuongee kuhusu mlima wao

Kuna klipu inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, na bila shaka imeshakufikia. Wanajeshi wamevaa sare nyeupe za kibaharia, wanapiga gwaride, bendi inapuliza, halafu sauti ya Mswahili mwenzetu inauliza: "Hawa wanaenda kuogelea wapi?" Kicheko. Bolivia haina bahari lakini ina jeshi la majini, basi hapo ndipo utani wote ulipoishia. Mjomba wangu kaitupia kwenye grupu la ukoo na kuongeza, "wazungu wa kule nao wana mambo". Sentensi fupi, lakini ina makosa mengi kiasi kwamba nilishindwa nianzie wapi. Mjomba ni mjomba, nikamwekea emoji ya kuzimia kwa kicheko nikanyamaza. Hapa kwangu sinyamazi.

Kwanza, kazi wanayo. Ziwa Titicaca, wanalogawana na Peru, liko mita 3,812 juu ya usawa wa bahari na si dimbwi la bata. Upande wa mashariki kuna mito mikubwa inayoteremka kwenda Amazon. Burundi haina bahari na ina kikosi chake cha majini Ziwa Tanganyika, mbona hatujawahi kumcheka mtu Bujumbura?

Pili, bahari walikuwa nayo. Walikuwa na pwani ya kilomita kama 400, na bandari ya Antofagasta, na jangwa lililojaa chumvi ya naitreti ambayo Ulaya nzima ilikuwa inaililia kwa ajili ya mbolea na baruti. Mwaka 1878 Bolivia ikaweka ushuru wa senti kumi kwa kila kwintali (kipimo cha uzito cha wakati ule), kampuni ya Chile iliyokuwa inachimba ikakataa kulipa, na Februari 1879 Chile ikashusha askari Antofagasta. Senti kumi! Vita vikafuata, na mkataba wa 1904 ukamaliza hesabu: pwani yote ikawa ya Chile. Mwezi Machi 1879 huko Calama, raia mmoja aliyeitwa Eduardo Abaroa alizingirwa darajani na kuambiwa asalimu amri. Jibu lake kila mtoto wa Bolivia analijua: asalimu amri bibi yako. Wakamuua. Ndiyo maana tarehe 23 Machi kila mwaka taifa zima linakumbuka bahari, shule, jeshi, rais na wote. Na ndiyo maana nembo yao ina nyota kumi wakati mikoa ipo tisa. Ile ya kumi ni ya mkoa wa pwani uliokwenda.

Haya, nakubali, kwa shingo upande, kwamba bahari hii imekuwa mtaji wa wanasiasa. Rais akibanwa na bei ya mkate, anaikumbuka Antofagasta. Machi 2018 walishona bendera ya buluu wakaitandaza barabarani karibu kilomita 200, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ikawaambia, kwa kura 12 dhidi ya 3, kwamba Chile hailazimiki kukaa nao mezani. Ile bendera ilikuwa nzuri sana. Na Chile nayo ina lake la kusema, maana sahihi ya 1904 ipo na mizigo ya Bolivia inapita bandari yake ya Arica. Sawa.

Lakini tukiwa tunakodolea macho sare nyeupe, hatuoni kilicho katikati ya nembo hiyohiyo. Itazameni. Kondori juu, amekunjua mbawa. Bunduki na mizinga ubavuni. Jua linachomoza, alpaka kasimama, kuna mti na mganda wa ngano. Nyuma yao kuna mlima mmoja mwekundu wenye umbo la pia. Huo si mlima wa mapambo. Ni Cerro Rico wa Potosí, na ukinilazimisha nitaje alama ya taifa inayonikosesha usingizi kuliko zote duniani, nitautaja huo.

Wahispania waliufikia mwaka 1545. Ulikuwa umejaa fedha, yale madini yenyewe, mishipa kwa mishipa. Ndani ya miongo michache, mahali ambapo hapakuwa na kitu, zaidi ya mita 4,000 juu, hewa nyepesi na baridi ya kukata masikio, palisimama jiji la watu zaidi ya laki moja, sawa na miji mikubwa ya Ulaya ya wakati ule. Sarafu zake zilifika hadi Uchina. Nani alichimba? Miaka ya 1570 gavana mkuu Francisco de Toledo aliweka utaratibu wa zamu za lazima: vijiji vya nyanda za juu vilitakiwa kutoa mwanaume mmoja katika kila saba, waende mlimani. Walitembea wiki nyingi, na wake zao, na llama wao wakibeba vyakula. Kuna waliorudi. Kuna takwimu moja inayopenda kurushwa mitandaoni ya waliokufa humo, milioni nane, ambayo wanahistoria makini hawaikubali. Siihitaji. Nikiitoa, bado hesabu inatisha.

Na Waafrika walikuwepo, mjomba. Waliletwa watumwa, wengine wakatumika kwenye nyumba ya kufulia sarafu palepale Potosí. Wajukuu wa watumwa wa Bolivia wako leo kwenye mabonde ya joto ya Yungas, wanalima koka na kahawa, na wana mfalme wao, Julio Pinedo, ambaye utawala wa mkoa wa La Paz ulimtambua rasmi mwaka 2007. Mfalme huyo ana kiduka kijijini Mururata. Klipu hiyo haijafika kwenye grupu la ukoo bado.

Sasa sikilizeni kinachoniudhi. Mlima haujaachwa upumzike. Fedha nzuri ilikwisha zamani, lakini maelfu ya wachimbaji bado wanaingia kila siku, kupitia vyama vya ushirika, kufukuzia zinki, risasi, bati na mabaki ya fedha. Mtu aliyekaa Mirerani atawaelewa haraka. Pale sokoni karibu na machimbo baruti inauzwa mezani kama vocha, pamoja na utambi wake, majani ya koka, sigara na pombe kali ya kunusa tu ukapepesuka. Ndani ya shimo, kwenye kishimo cha pembeni, amekaa El Tío: sanamu ya udongo yenye pembe, macho ya kung'aa, mdomo wazi. Huyu ndiye mwenye mali ya chini. Huko juu Mungu, huku chini yeye. Mchimbaji anampachika sigara mdomoni na kuiwasha, anamwagia majani ya koka mapajani, anadondosha pombe kidogo chini kisha yeye mwenyewe anapiga funda. Halafu anajaza shavu koka, maana humo hakuliki, vumbi tupu, na koka inazuia njaa mpaka atoke. Vumbi hilohilo ndilo litakalommaliza mapafu. Nje, wanawake, wengi wao wajane wa wachimbaji, wanapekua magwangala kwa nyundo. Wengine wanalala kwenye vibanda vya mabati mlangoni mwa shimo wakilinda mitambo ya watu.

Baada ya karibu miaka 500 ya kutobolewa, mlima umekuwa kama jino bovu. Mwaka 2011 kilele kilititia, likafunguka shimo juu kabisa. Serikali ikaleta saruji nyepesi kuliziba. Kuchimba juu ya mita 4,400 kumepigwa marufuku, na marufuku hiyo inaheshimiwa kama tunavyoheshimu alama za barabarani saa nane usiku. UNESCO, iliyouingiza mji na mlima kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987, mwaka 2014 ikauhamishia kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Yaani tumefika mahali watu wanaziba kilele kwa saruji ili mlima uendelee kufanana na picha yake kwenye sarafu. Huku chini watu wenye taa za kichwani wanaendelea kuutafuna.

Na siwezi kuwaambia waache. Hapo ndipo hasira yangu inapokosa pa kwenda. Ukifunga mlima leo, Potosí nzima inalala njaa kesho. Wachimbaji wenyewe ndio wa kwanza kufunga barabara ukigusa mashimo yao, na wana baruti. Kwa hiyo kila rais anapiga picha mbele ya nembo, anaondoka.

Bahari iliyochukuliwa na Chile ina nyota, ina siku yake, ina shujaa na ina jeshi. Ziwa Poopó, la pili kwa ukubwa nchini, lilitangazwa limekauka Desemba 2015, na halikupewa hata nyota. Maji ya mto Desaguadero yalielekezwa mashambani na migodini, ukame na joto vikamalizia. Wauru, ambao wamevua humo vizazi na vizazi, wakabaki na mitumbwi imeketi kwenye chumvi, vijana wakaenda kufanya kibarua kwenye machimbo. Barafu ya Chacaltaya, iliyokuwa na kiwanja cha kuteleza theluji kilicho juu kuliko vyote duniani, ilikwisha mwaka 2009. Maadui wa hivi vitu hawana ubalozi wa kuandamania. (Na sisi wenye Kilimanjaro kwenye nembo yetu, tutulie. Barafu yake tunaiona inavyokwenda.)

Wasinielewe vibaya, alama zao nyingine nazipenda. Kantuta ya milimani na patujú ya mabondeni, maua mawili ya taifa, yote yana nyekundu, njano na kijani za bendera, kama vile mtu aliyaagiza. Wiphala, ile bendera ya miraba 49 ya rangi saba, iliingizwa kwenye katiba ya 2009, na ilipochomwa na kukatwa kwenye sare za polisi Novemba 2019, watu wa El Alto, jiji lililo juu ya La Paz, waliteremka mabarabarani kama bahari. Hizo ndizo alama zilizo hai. Kuna nyingine zinazochekesha bila msaada wa klipu: Agosti 2018 medali ya urais, ile ya dhahabu na zumaridi ya tangu enzi za Bolívar, mkombozi aliyeipa nchi jina lake, iliibwa ndani ya gari la ofisa aliyepewa kuilinda, wakati yeye mwenyewe ameingia danguro El Alto. Mwizi, Mungu amsamehe, aliiacha kanisani. Kama mnataka kucheka, chekeni hapo.

Nimalizie na Salar de Uyuni, maana najua mtaniuliza. Ndiyo, ni kule kweupe, zaidi ya kilomita za mraba 10,000 za chumvi, ambako mvua za Januari zikinyesha ardhi inageuka kioo na kila mtalii anapiga picha kama anatembea angani. Haimo kwenye nembo. Chini yake kuna lithiamu, mamilioni ya tani, ya betri za magari ambayo Ulaya na Uchina zinataka. Na iko mkoa gani? Potosí. Mwaka 2019 serikali ilikuwa na mkataba na kampuni ya Kijerumani, watu wa Potosí wakafunga barabara na kugoma wiki baada ya wiki wakidai mrabaha wao, mpaka mkataba ukafutwa. Wachambuzi wa mbali wakawaita wakorofi, wasiojua maendeleo, wanaokalia mali. Hao wachambuzi wapande basi hadi Potosí, washuke stendi, wainue macho. Mlima unaonekana kutoka kila mtaa.