Moja ni bomba au kisima?

Mwaka 2009 nilikuwa mdodosaji wilayani Kilosa. Kazi ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na rundo la madodoso, kalamu mbili na ubao wa kuandikia. Siku ya kwanza, nyumba ya tatu au ya nne, nilimkuta mzee mmoja akichonga mpini wa jembe. Nikampa shikamoo, nikajieleza, nikamsomea karatasi ya ridhaa. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mwanangu, mwaka juzi walikuja wenzako wakaandika haya haya. Mliyapeleka wapi?"

Nikampa jibu tulilofundishwa kwenye semina, kwamba taarifa zinaisaidia serikali kupanga mipango. Akaguna. Halafu akajibu maswali yote, kwa kuwa alikuwa muungwana.

Swali lake hunirudia kila ninaposikia wasomi wakijadili ufikiaji huria wa makala za kisayansi, yaani kila mtu azisome bure. Malalamiko yenyewe yanajulikana: utafiti unagharamiwa na fedha za umma, wahakiki wanasoma miswada bila malipo, halafu jarida linauuzia umma ule ule kilichoandikwa. Ni malalamiko ya haki. Kila mwanafunzi wa uzamili aliyewahi kubofya kichwa cha makala akakutana na bei anayaelewa, na dirisha wanalopitia baada ya hapo, yaani tovuti zinazogawa makala kinyemela, sote tunalijua, hata wasimamizi wao. Ila kwa hapa kwetu naona tunaanza kujenga kwa kuezeka. Makala ni kurasa kumi tu. Kilichozaa kurasa hizo kumi, yaani madodoso, vipimo, daftari za maabara na mafaili ya kompyuta, hakiulizwi na mtu.

Kisa cha Liberia hutajwa sana katika mjadala huu. Aprili 2015, Ebola ikiwa imeshaua watu zaidi ya 4,000 nchini humo, mganga mkuu wa serikali, Dkt. Bernice Dahn, na wenzake wawili waliandika kwenye gazeti la New York Times kuhusu makala ya mwaka 1982 waliyokuwa wameikuta. Watafiti kutoka Ulaya walikuwa wamepima damu za Waliberia, wakaona dalili kwamba baadhi yao walishakutana na virusi vya Ebola, wakashauri nchi hiyo ihesabiwe kwenye ukanda wa ugonjwa huo. Wizarani hakuna aliyekuwa na habari. Kupakua moja ya makala za aina hiyo kungemgharimu daktari wa huko dola 45, karibu nusu ya mshahara wa wiki.

Wengi husimulia hadi kwenye dola 45 wakanyamaza. Mimi hunishika jambo jingine walilolisema Dkt. Dahn na wenzake: makala za aina hiyo hazikuwa na mwandishi hata mmoja Mliberia. Hebu tuseme ile ya 1982 ingetolewa bure tangu siku ya kwanza. Nani angeitafuta, na kwa sababu gani? Damu ilitoka kwa wenyeji, majibu yakaenda jaridani, na nyumbani hapakubaki daftari wala mtu wa kukumbuka.

Kuhusu majarida nitasema kwa kifupi, maana wapo wanaoyafuatilia kunizidi. Mlango wa msomaji unafunguliwa, kweli, lakini mara nyingi kiingilio kimehamishiwa kwa mwandishi. Mwishoni mwa 2020 jarida la Nature lilitangaza kwamba atakayetaka makala yake isomwe bure na wote atatozwa yuro 9,500. Kwenye majarida mengi waandishi wa nchi maskini husamehewa ada. Sawa, lakini msamaha huo unafanana na kuingia kwenye harusi bila kadi kwa sababu mlinzi amekuhurumia: utakula pilau, ila hujui kama wiki ijayo atakuwa zamu. Wabrazili walichagua njia nyingine. Tangu 1998 wana SciELO, inayochapisha majarida yao mtandaoni kwa fedha za umma, na wasomaji hawadaiwi hata senti. Hilo tungeweza kuliiga kesho.

Sasa turudi kwenye madodoso.

Ofisi tuliyoifanyia kazi ile ya Kilosa, ambayo siitaji, ilikuwa na kabati la chuma mwisho wa korido. Madodoso yaliyojazwa yaliwekwa humo, na taarifa ziliingizwa kwenye kompyuta moja. Mradi ulipokwisha, ufunguo ulibaki kwa mhasibu, mhasibu akahamishwa. Nilipopita miaka michache baadaye kabati lilikuwa bado lipo, juu yake limepangwa katoni za karatasi za printa. Kompyuta ilishafutwa ikapewa mtu mwingine. Nakala iliyosalia, kwa kadiri ninavyofahamu, iko kwenye flashi yangu, na hata hiyo niliiweka kwa uzembe tu wa kutofuta vitu.

Msidhani ni uzembe wa Waafrika. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, watafiti waliokuwa Kanada waliwaandikia waandishi wa makala 516 za biolojia, zenye umri wa kati ya miaka 2 na 22, wakiomba data zilizotumika. Uwezekano wa data kuwepo ulishuka kwa asilimia 17 kila mwaka uliopita tangu makala kutoka. Barua pepe hazifiki, au data zimo kwenye diski ambazo hakuna tena mashine ya kuzisoma.

Wafadhili wameliona. Tangu Januari 2023, anayeomba fedha za utafiti kwa Taasisi za Afya za Marekani, NIH, anatakiwa kuambatanisha mpango wa kutunza na kushirikisha data, na gharama za utunzaji anaruhusiwa kuziweka kwenye bajeti. Tafiti nyingi za malaria na Ukimwi Afrika Mashariki zimekuwa zikila kwenye mfuko huo, kwa hiyo agizo linatuhusu. Tatizo ni kwamba mpango ule ulishauriwa usizidi kurasa mbili, na nimeshaona mipango miwili ya miradi isiyofanana kabisa ikiwa na aya zile zile, hadi kosa la tahajia limerithiwa. Kwenye bajeti kuna gari, kuna posho, kuna chai ya asubuhi ya semina. Mtu wa kutunza data hayumo.

Watafiti wetu wana hofu moja ninayoielewa: nikiziweka wazi, mwenye kompyuta kubwa na wasaidizi kumi ataziandikia makala kabla yangu. Basi wapewe muda, mwaka mmoja au miwili, wachapishe kwanza. Na data za watu hazianikwi kama dagaa. Kijiji chenye mama mmoja aliyejifungua mapacha watatu, ukifuta jina lake hujamficha. Tanzania ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2022, na ni sawa iwe nayo. Lakini kabati lile halikumlinda yeyote. Lilipoteza tu.

Wanyama wametushinda kwa hili. Kule Serengeti, mradi wa Snapshot Serengeti ulitega kamera 225, picha zikaainishwa na maelfu ya watu wa kujitolea mtandaoni, kisha zikatolewa zikiwa na maelezo ya kila safu ya jedwali la data. Mwaka 2018 picha milioni 3.2 za mradi huo zilitumika kuifundisha kompyuta kutambua wanyama. Nyumbu aliyepita mbele ya kamera usiku ana kumbukumbu safi kuliko yule mzee wa Kilosa.

Mwezi uliopita nilichomeka ile flashi. Faili lilifunguka. Kuna safu inaitwa "maji2", imejaa 1, 2, 3 na 9 hapa na pale. Tisa nilikumbuka: hajui. Kwenye umri tuliandika 99, na bila shaka aliyekokotoa wastani bila kuambiwa alipata kijiji cha vikongwe. Lakini moja? Ni bomba au kisima? Maelezo ya safu hayapo popote.

Nikampigia mwenzangu tuliyekuwa naye, siku hizi ana kibanda cha kutuma na kupokea pesa Morogoro. Akacheka sana. "Kaka, bomba lilikuwa wapi kule? Moja ni kisima." Nikaandika. Nikamuuliza "chand_b" ni nini. Akanyamaza kidogo, nikasikia mteja akimtajia namba ya simu.

"Hiyo alikuwa anajaza Mama Rehema," akasema, "naye alishafariki."