Shangazi na Ndege wa Mfalme

Vita vilianzia langoni. Shangazi aliposikia kiingilio cha kasri la Sintra, huko Ureno, aliniuliza kwa sauti yake ya sokoni Kongowea: "Wareno walipoingia Mombasa, nani aliwakatia tiketi?" Nikalipa chapuchapu. Mtu aliyekulia nyuma ya Fort Jesus humuwezi kwa hoja hiyo, na foleni ilishaanza kutugeukia.

Mji wenyewe mdogo, umejibana vilimani, safari fupi tu ya treni kutoka Lisbon. Kasri unalitambua kwa dohani zake mbili nyeupe, kila moja mita 33 kwenda juu. Shangazi alizikagua akasema jiko la namna hiyo halikosi umbea.

Umbea ulikuwa chumba kingine. Kuna ukumbi ambao dari yake ya mbao imechorwa ndege 136, weusi kwa weupe, wa ukoo wa kunguru. Wanasimulia kwamba Mfalme João wa Kwanza alifumwa na mkewe, Malkia Filipa, akimbusu mwanamke wa pale pale ikulu. Akajitetea kwamba alikuwa na nia njema tu. Maneno yakaenea, naye akaamuru achorwe ndege mmoja kwa kila mwanamke wa ikulu, na kila ndege ashikishwe utepe wenye utetezi ule ule.

"Hiyo ni leso!" Shangazi akapiga kofi. "Mwanamume mzima kawapiga wanawake mafumbo ya leso, tena ya darini! Na hao 136 wametimia?"

"Wametimia, Shangazi."

"Nani kahesabu?"

Shingo ilimkatalia baada ya ndege wachache. Basi akavua leso yake ya mabegani, ile iliyoandikwa *Mtasema mchana usiku mtalala*, akaitandika katikati ya ukumbi wa mfalme, akalala chali, mkoba chini ya kichwa, kidole juu.

Mimi nikageukia ukutani kusoma habari za vigae. Nilivisoma kwa makini sana. Nilipogeuka, wazee wawili wa Kizungu walikuwa wametandika makoti ubavuni pake. Kisha familia moja na watoto wao. Walidhani ndiyo utaratibu wa pale.

Mlinzi akaja mbio akimwaga Kireno. Shangazi hakumtazama, alimwinulia kiganja. "Subiri baba, niko sabini na tisa."

Nakuapia, yule mlinzi alisubiri. Alisimama mikono nyuma, naye macho darini, mpaka simu yake ya upepo ilipokoroma kiunoni.

"Kanipoteza!" Shangazi akalalama. "Naanza upya!"

Hapo ndipo tulipoinuliwa, wote, na mlinzi akatusindikiza sisi wawili mbele, chumba kwa chumba, bila kubandua mguu, hadi kichumba kimoja kikavu ambacho sakafu yake imelika. Shangazi akanitaka nimsomee maelezo. Nikamwambia hapa alifungiwa Mfalme Afonso wa Sita. Mdogo wake alimpoka utawala, akamwoa na mkewe, na yeye akabaki humu akipiga hatua huku na huko miaka na miaka mpaka akafa, 1683.

Shangazi akamwangalia mlinzi aliyesimama mlangoni. Akaning'ang'ania mkono.

"Na yeye alikuwa amehesabu ndege?"